Bunduki Iliyokataa Risiti

Sanaa, Jumanne, 13 Novemba 2007

Dada yangu Ghalia,

Salamu zote nimezitanguliza, zigawe wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba, mimi leo sina subira. Tazama mwandiko ulivyokwenda upande! Kaa chini. Na kama Ami Thabit yuko karibu, hama chumba.

Unajua kwamba tangu serikali ipige marufuku bunduki kuingia mjini, kazi yetu sisi polisi hapa kwenye kizuizi cha barabara ni moja tu. Gari likisimama tunasema: "Bunduki chini, chukua risiti, ukitoka mjini utarudishiwa." Kusema ni rahisi. Lakini kumwambia mtu wa milimani aingie mjini bila bunduki ni kama kumwambia aende harusini bila nguo. Jana mmoja ametukabidhi tatu, kumbe ya nne imelala ndani ya gunia la viazi. Mwingine alimpa kamanda wetu bunduki yake akamwambia, "Ilaze mbali na ukuta, ina kifua." Kamanda wetu, Abduljalil, ni mtu wa Taiz. Maskini hakuwahi kushika bunduki mpaka alipovaa magwanda, na risiti anaziandika kwa mwandiko mzuri kama kadi za mwaliko.

Basi leo kabla ya adhuhuri limekuja gari la abiria kutoka huko kwetu juu. Mlango ukafunguliwa, akashuka nani? Muqbil! Muqbil wa Beit Ghurab, baba yake Jarallah! Na begani ile bunduki ya kijerumani ya babu yake, yenye fedha kwenye kitako, inang'aa juani.

Dada, Muqbil mwenyewe! Nikaikumbuka ile harusi, risasi ya furaha ya Jarallah iliyopanda mbinguni ikashukia paja la Ami Thabit. Nikakumbuka kwamba sulhu kati yetu na wao inakwisha Idi ya kuchinja, na Muqbil hajakiri kosa, na Ami ameapa kwamba Idi ikipita atamwangusha Jarallah, na mimi mtoto wa ndugu yake nitasimama kando yake na bunduki. Jarallah, ambaye tulikalia naye dawati moja tangu darasa la kwanza! Hili jambo linaninyima usingizi, na wewe unajua.

Kamanda akamwambia, "Mzee, bunduki chini."

"Chini pana nini?" akauliza Muqbil. "Chini ni pa viatu."

"Basi nipe mimi."

"Wewe mwana wa nani?"

"Mimi ni serikali."

"Na serikali haina baba?"

Abiria wakaangua kicheko. Kamanda akaiva uso, akainua mkono, na wenzangu wakakoki silaha zao kwa pamoja, krak! Kicheko kikakatika. Mama mmoja akajitupa nyuma ya gurudumu yeye na kuku wake. Mzee hakutikisika hata kope. Mkono wake uko kwenye mkanda wa bunduki, anawatazama vijana kama anayechagua mbuzi sokoni. Nikasema moyoni, leo mtu anakufa hapa, na Ami atasema mimi ndiye niliyempiga, na Jarallah ataamini.

Halafu Muqbil akapaza sauti juu ya vichwa vyetu: "Yuko wapi mwana wa Ali wa Beit Rasif? Yuko hapa, najua. Nitampa yeye. La sivyo, nipigeni tuyamalize."

Nikaiweka chini silaha yangu. Nikamwendea. Nikaipokea bunduki yake kwa mikono miwili, na maneno yakanitoka kama mtu anayeitikia salamu: "Imefika, na uso wako ni mweupe."

Akawageukia abiria. "Shuhudieni!"

"Tumeshuhudia!" wakajibu wote, hata yule mama wa kuku.

Kamanda akamnyooshea risiti. Mzee akaitazama. "Karatasi ya nini? Neno limeshasemwa." Akapanda gari, akaingia mjini mkono mtupu.

Wallahi wenzangu wamenibeba mabegani! Kamanda amenilipia chakula cha mchana: mchuzi wa saltah unachemka ndani ya chungu cha jiwe, mkate wa moto, nyama. Mimi ndiye shujaa wa barabara ya kaskazini. Ila jambo moja: jioni Muqbil amepita kurudi kwao na hakuiulizia bunduki. Nimeifunga kwa kilemba changu, iko stoo.

Na jingine. Alijuaje kwamba niko kizuizi hiki, na kwamba nina zamu ya asubuhi?

Ndugu yako shujaa,
Hizam

*

Beit Rasif, Jumamosi, 17 Novemba 2007

Hizam, mdogo wangu, mwehu wangu,

Barua yako ameniletea Sharaf, dereva wa miraa, pamoja na magunia yake matupu. Nimeisoma mbele ya wanafunzi wangu wakiwa wanafanya hesabu. Nilipofika pale alipoikataa risiti nikapiga ukelele, watoto wakadhani nyoka.

Umempokelea Muqbil bunduki kwa mikono miwili, umemwambia uso wake ni mweupe, kwamba heshima yake imebaki, watu wakashuhudia, yeye akakataa karatasi, halafu wewe ukaenda kula nyama? Huko kambini wamekufundisha kupiga saluti wakakusahaulisha ulikozaliwa? Kwetu, mwenye kosa huipeleka bunduki yake kwa nyumba aliyoikosea. Mtu wa nyumba ile akiipokea kwa maneno yale uliyoyasema, amekubali kuwa hakimu. Jambo limeingia mikononi mwake na damu imefungwa mpaka ahukumu. Hizam, Muqbil amekiri! Amekiri mbele ya gari zima! Na hakimu wa kesi ya mguu wa Ami ni wewe!

Unakumbuka Muqbil alivyoapa kwa talaka kwamba mkono wa Thabit hautaigusa bunduki yake akiwa hai? Mkono wako hakuuapia.

Sasa sikiliza ubaya wake. Muqbil amerudi kwao hana kitu begani, na vijana wa Beit Ghurab wanasema mzee wao ameporwa na polisi, na polisi mwenyewe ni mtoto wa ndugu yake Thabit. Wanawe wakimuuliza anajibu, "Mwulizeni aliyeipokea," anafumba mdomo. Na hawezi kusema zaidi. Mtu hajitangazi mwenyewe kuwa ameinama. Anayetangaza ni aliyepokea.

Jana Jarallah amepanda juu ya mnara wao akapiga kelele bonde zima: "Thabit! Umeshindwa na mguu wako, unamtuma mtoto na magwanda ya serikali?"

Ami akapanda juu ya paa letu na fimbo yake, akajibu: "Mimi situmi mtu! Nina mguu mmoja mzima na unakutosha wewe na baba yako!"

Leo hakuna aliyekwenda shambani. Wanaume wote wako juu ya mapaa, wanawake tunapitisha maji kwa nyuma. Ninaogopa, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, ninafurahi mpaka masikio yananiwasha. Kuna mlango! Kuna mlango na ufunguo uko stoo kwako!

Bunduki iko salama? Niambie bado iko salama.

Dada yako,
Ghalia

*

Sanaa, Jumatatu, 19 Novemba 2007

Dada,

Mimi hakimu! Mimi ambaye hata mbuzi wetu walikuwa hawanisikii!

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaenda stoo nikaishika ile bunduki kama mtu anayeshika mtoto mchanga wa watu. Ni kweli. Niliyasema maneno yale na sikuyasikia. Wale vijana walikuwa wamekoki, dada, mimi nilikuwa nasikiliza vidole vyao tu.

Sasa habari mbaya. Jumamosi linakuja lori. Bunduki zote ambazo wenyewe hawakuzifuata zinapelekwa ghala kuu, na kilichoingia ghala kuu hata wajukuu hawakioni. Ikienda, nitasimama na nini mbele ya watu? Nitasema "nilipokea" na mikono mitupu? Jarallah atasema nimeiuza, na atakuwa na haki ya kuniita mwizi.

Nimemwendea kamanda Abduljalil nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kalamu ikiwa sikioni.

"Ngoja," akasema. "Yule mzee alitutisha wote, nusura tummalize, kumbe alikuwa amekuja kujisalimisha?"

"Ndiyo, afande."

"Kwako. Si kwangu."

"Si kwako, afande."

"Na huko kwenu hiyo ndiyo adabu?"

"Ndiyo, afande."

Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akawa mtu wa serikali tena: "Sheria inasema bunduki anapewa mwenye risiti. Mwenye risiti yuko wapi?" Nikamwambia aliikataa. Akasema, "Hapo umenifunga," akaondoka. Tangu hapo kila nikimwangalia ananitazama kama hesabu ngumu.

Nitalala mlangoni mwa stoo ikibidi. Usimwambie Ami kuhusu lori.

Na hujanijibu: nani alimwambia Muqbil kwamba niko hapa asubuhi? Watu wa Beit Ghurab hawaongei na sisi mwaka mzima.

Hizam

*

Beit Rasif, Alhamisi, 22 Novemba 2007

Hizam,

Naandika haraka, Sharaf anapiga honi.

Nimemwambia Ami. Ilinibidi, vijana walikuwa wanagawana risasi. Amenguruma: "Nihukumiwe jambo langu na mtoto niliyemfundisha kufunga viatu?" Amepiga fimbo ukutani mpaka chokaa ikaanguka. Baada ya muda akaniuliza, kama hajali, "Alisema shuhudieni? Mbele ya watu?"

Nikamwambia, "Gari zima, Ami. Na askari."

"Na askari," akasema. Akaagiza mkate, akala mmoja mkubwa, akaongeza wa pili. Unamjua. Hiyo ndiyo furaha yake.

Lakini ametoa sharti. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe thelathini, watu wa vijiji viwili wakutane uwanjani chini ya birika kubwa la kuchotea maji. Bunduki ile iwepo, mikononi mwa aliyeipokea, haijapitia mkono mwingine. Isipokuwepo, yote haya ni maneno ya wanawake na yeye hataingoja Idi. Nimepeleka habari Beit Ghurab, usiulize kwa njia gani. Wamekubali kuja, wote na silaha zao.

Leo Jarallah amepiga risasi tangi letu la maji. Anasema aliteleza. Tunaoga bila kupenda.

Njoo, mdogo wangu. Njoo na ile bunduki. Yako iache.

Ghalia

*

Mkahawani, barabara ya kwenda Amran, Alhamisi, 29 Novemba 2007

Dada Ghalia!

Barua hii Sharaf anakimbia nayo mbele yangu. Mpe Ami asikie: ninakuja, bunduki iko mikononi mwangu, kama nimechelewa ni kwa sababu nimekamatwa!

Lori lilikuja Jumamosi. Kamanda Abduljalil akasimama na kitabu chake, anaita bunduki moja moja. Ilipofika ile yenye fedha, akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma, akasema, "Hii haina risiti. Bunduki isiyo na risiti haijapokelewa na serikali. Isiyopokelewa haipo. Siwezi kupakia kitu kisichopo." Dereva wa lori akaitazama bunduki, akamtazama kamanda, akawasha gari. Nilitaka kumbusu paji la uso! Akanipa likizo, akaniambia, "Ila ukitoka hapa mimi sikujui. Kisichopo kibebe mwenyewe."

Basi leo nimetoka bila magwanda, nguo za nyumbani, jambia kiunoni, ile bunduki begani wazi, kama mtu yeyote wa kwetu. Nilijiona mrefu, dada! Watoto barabarani wananipungia. Nikafika kizuizi hiki, askari hawanijui. Mmoja, kijana kama mimi, akaninyooshea silaha. "Wewe! Bunduki chini!"

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Chini pana nini?"

Krak! Wote wamekoki. Sasa nimejua ile sauti ilivyo ukiwa upande wa pili. Nikaona kidole chake kinavyotetemeka, nikamhurumia na nikamwogopa kwa pamoja, kwa sababu kidole hicho ndicho nilichokuwa nacho mimi wiki zote hizi.

Nikawaonyesha kitambulisho changu. Mkubwa wao akasema, "Polisi mwenye bunduki isiyo na karatasi ni mbaya kuliko mwizi. Toa."

"Siwezi."

"Huku si mjini, hatutakunyang'anya, tutaiangalia tu."

"Iangalieni kwa macho, kwa mkono siwezi. Hii si bunduki, ni neno la mtu. Ikishikwa na mwingine kabla ya kesho, kuna kijana atakufa, na mimi ndiye nitakayetumwa kumpiga."

Wamenitazama. Mmoja wao, mwenye ndevu nyekundu za hina, mtu wa milima ya Khawlan nadhani, anayejua mila hizi, akamnong'oneza mkubwa wake, na mkubwa akashusha silaha kidogo. Wamenikalisha juu ya jiwe mbele ya mkahawa, bunduki mapajani, askari kushoto na askari kulia, chai wananinywesha wao kwa sababu mkono mmoja uko kwenye bunduki na wa pili kwenye kalamu. Wanampigia simu kamanda wangu. Na kama kamanda naye akisema hanijui?

Na bado sijui nitahukumu nini! Kichwani mna ng'ombe wa fidia tu, wanazunguka. Nikipunguza, Ami atasema nimemuuza. Nikizidisha, Beit Ghurab watasema ni uonevu wa serikali. Niombee.

Ngoja, wanakuja.

Dada! Kamanda amepatikana! Wameweka simu kwa sauti, mkahawa mzima umesikia. Wamemuuliza, "Kuna mtu wako hapa na bunduki, tumfanyeje?" Tukasikia anageuza kurasa. Halafu ile sauti yake ya Taiz ikasema: "Mpisheni hakimu."

Wamenipisha! Yule wa ndevu za hina amenisukumia zabibu mfukoni. Nakuja!

Hizam

*

Beit Ghurab, Jumanne, 25 Desemba 2007

Kwa Hizam bin Ali,

Mimi Muqbil, maneno ni yangu, mkono wa kuandika si wangu, kwani kalamu na mimi hatukuwahi kupatana.

Idi imepita na hakuna aliyelia. Nakuletea habari ya hukumu yako, maana aliyehukumu ana haki ya kujua kama neno lake linatembea au limekaa.

Fahali amechinjwa mlangoni kwa Thabit kama ulivyosema. Tumemla pamoja, watu wa kwenu mmekula zaidi, sisemi kitu.

Lile la kutopiga risasi harusini mwaka mzima, hiyo ni adhabu nzito, kijana. Mjukuu wangu ameoa juzi kimya kama mtu anayeiba kuku. Wanawake wamelazimika kupiga vigelegele mara mbili zaidi ili watu wajue. Lakini tumetii.

La tatu ndilo linalonipa taabu nyumbani. Ulisimama uwanjani, bunduki zetu zote na zenu zote zinakutazama, ukasema: Jarallah ameharibu mguu, basi Jarallah awe mguu. Amwendeshe Thabit kwa gari lake sokoni, msikitini na kwa daktari, mpaka Thabit atembee bila fimbo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia mwanangu. Nilimwona anashusha pumzi, na nikajua alikuwa anaogopa kufa muda wote ule, mtoto wangu, na hakuniambia.

Sasa kila asubuhi anakwenda. Thabit anamkosoa gia, anamkosoa breki, anamkosoa namna ya kuchagua miraa. Jarallah akirudi ananisimulia maneno ya Thabit mpaka chakula kinapoa. Juzi nilimsikia anamwita Ami.

Bunduki uliyonirudishia iko kwenye msumari wake. Mkono wa Thabit haukuigusa. Kiapo changu kizima, na mke wangu bado ni mke wangu.

Uso wako ni mweupe, wewe pia.

Muqbil

Mwandishi ana neno lake. Nimemwachia nafasi hapo chini, nami nimegeuka upande.

Hizam, ni mimi. Umeuona mwandiko, najua umecheka.

Umeniuliza mara mbili na mimi nikajifanya sijasoma: nani alimwambia Muqbil? Ni mimi. Mke wa Muqbil, Nuriya, na mimi tunachota maji birika moja, sulhu iwepo isiwepo. Wanaume wanafunga barabara, birika hawalioni. Siku moja aliniambia Muqbil anazunguka chumbani usiku, anataka kuinama na hana mahali pa kuinamia, kiapo kimemfunga. Nikamwambia: "Mume wako aliuapia mkono wa Thabit. Mkono wa serikali hakuuapia. Ndugu yangu anapokea bunduki za watu barabara ya kaskazini, zamu yake ni ya asubuhi. Mtu akitoa bunduki pale, nani atasema ameinama? Atasema ametii sheria." Sikusema zaidi. Nuriya alijaza ndoo yake akaenda.

Nilidhani atafika, atakuona, atakupa, basi. Sikujua kama wangekoki. Niliposoma "nipigeni tuyamalize" niliikunja barua nikatoka darasani, nikarudi baadaye kuimalizia. Kama wangempiga, ulimi wangu ndio ungekuwa umemuua, na nyuma yake wewe na Jarallah. Nakuandikia utani na vicheko, lakini tangu barua ile ya kwanza sikuwa nimekula vizuri mpaka nilipokuona unatelemka mlimani na ile fedha inang'aa begani. Nilitaka usiwe muuaji. Nilitaka hilo tu, nikalitaka vibaya.

Nisamehe. Na usimwambie Ami.

Ghalia

*

Sanaa, Jumapili, 13 Januari 2008

Dada yangu Ghalia,

Nilikukasirikia kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Ulininyooshea kifo bila kunipa hata habari! Mchana nikaletewa chakula, nikakumbuka kwamba Jarallah naye wakati huo anakula mahali fulani, kinywa kimejaa, analalamika. Hasira ikaisha. Nimekusamehe. Ila siku nyingine ukinifanya hakimu, niambie nivae vizuri.

Sasa kaa chini tena, maana leo wamekuja! Ami Thabit na Jarallah, kwa daktari. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Gari limesimama kizuizini na ndani mna ugomvi:

"Nimekwambia gia ya pili!"

"Ami, hii ndiyo ya pili!"

"Basi ya pili yako ina kikohozi!"

Kamanda Abduljalil akasogea dirishani. "Wazee wangu, bunduki chini, risiti hizi hapa."

Jarallah akatoa yake bila neno. Ami akaikumbatia ya kwake. "Nimpe nani? Yule?" akaninyooshea kidole. "Simpi! Yule akifungua mdomo tu nimeshahukumiwa! Muqbil aliingia hapa mtu huru akatoka na kesi!"

Kizuizi kizima kimecheka, hata madereva wa nyuma waliokuwa wanapiga honi. Kamanda, kwa adabu yake yote ya Taiz, akaniamuru nifunge mdomo rasmi. Nikavuta ncha ya kilemba nikajiziba midomo. Ami akaniapisha kwamba sitasema kitu, nikaitikia kwa kichwa. Akashuka garini, akaja mwenyewe, akanipa bunduki, nikaipokea kwa mkono mmoja, kimya kama jiwe. Kamanda akampa risiti. Ami akaisoma mbele na nyuma, akaikunja, akaiweka chini ya jambia lake. Hiyo yeye hakuikataa!

Hapo Jarallah mwehu akapaza sauti: "Shuhudieni!"

Ami akamgeukia akamcharaza fimbo ya bega, Jarallah akakimbia kuzunguka gari, Ami nyuma yake, wote wanacheka na kutukanana.

Dada, nilisimama na bunduki mkononi na kilemba mdomoni, na nikaona. Ile fimbo ilikuwa juu, hewani. Kuanzia aliposhuka garini, mpaka kwangu, mpaka kuzunguka gari lile lote, haikuwa imegusa ardhi. Mguu ule umepona. Sijui umepona lini.

Ami akaniona ninavyotazama. Akasimama. Polepole akaiteremsha fimbo chini, akaiegemea, akaanza kuchechemea kurudi mlangoni. "We Jarallah," akasema, "njoo unishike mkono, unaniona ninavyoteseka?" Na Jarallah akaja akamshika.

Niliapa kwamba sitasema kitu. Sijasema.

Ndugu yako,
Hizam